Kovu Kwenye Runinga ya Kinyozi

Kovu la Nathaniel lilianzia chini ya jicho la kulia, likateremka shavuni, likaishia kidevuni kwa tone moja nene, kama uji uliogandia ubavuni mwa sufuria. Na kweli ulikuwa uji. Baba yake alimlenga mama, mama akainama, na sufuria nzima ikammwagikia mtoto wa miaka mitatu aliyekuwa amesimama nyuma, ameshika pindo la kanga.

"Niliinama, Mama Queen," Kija alimwambia Modesta siku alipomleta mtoto kituoni. Alisimama mlangoni na mabuti yake meupe ya kiwandani, harufu ya sangara ikiwa imemtangulia ndani. "Ningesimama palepale ungenipata mimi. Kila siku najiuliza, niliinamia nini."

 Modesta alimpakata Queen wake wa mwaka mmoja na nusu kwa mkono wa kushoto, akajaza fomu kwa wa kulia. Jina la mtoto. Umri. Anayeruhusiwa kumchukua. Hapo kalamu ikasimama.

"Niandike mimi," Kija alisema. "Halafu piga mstari chini yake. Asiongezwe mtu."

Modesta akapiga mistari miwili.

Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mlezi katika kituo cha kulelea watoto cha Madam Bernadeta, pale Igogo, kwenye mlima wa mawe, ambapo ukipanda jiwe la nyuma ya choo unaliona ziwa lote na korongo wanaogombania mapanki, mifupa ya sangara inayobaki viwandani. Mchana alilea. Jioni alimfunga Queen mgongoni akaenda darasani kumalizia kidato cha nne ambacho mimba ilimkatisha. Alizipenda siku zake. Alipenda hata ule usumbufu wa Nathaniel, ambaye hakuwahi kugusa kikombe cha uji mpaka mtu aonje kwanza mbele yake.

"Umepoa?"

"Umepoa, baba."

"Onja tena."

Anaonja tena. Ndipo mtoto anakunywa, jicho moja likiwa juu ya ukingo wa kikombe, linamwangalia mlezi.

Sasa, kituo kile kilikuwa na kamera nne. Wazazi ndio waliozidai, baada ya uvumi kwamba mtaa fulani mlezi alimfunga mtoto miguu ili alale. Madam Bernadeta, mwanamke mnene mwenye moyo mwepesi na hesabu nzito, alizinunua bila kulalamika: moja getini, moja darasani, moja chumba cha kulala, moja jikoni. Lakini runinga ya kuonyeshea picha hakuiweka ofisini. Aliitundika upande wa pili wa ukuta, kwenye saluni ya kunyolea ya mdogo wake, Nestory.

"Anayenyolewa leo ni mzazi wa kesho," alisema. "Akae kwenye kiti aone watoto wanavyokula, wanavyolala. Tangazo gani linalolishinda hilo?"

Na likafanya kazi. Watoto walikuwa kumi na tisa, baada ya miezi miwili wakafika thelathini na wanne. Wanaume waliosubiri zamu ya kunyolewa walizoea kuwatazama wale watoto kama wanavyotazama mpira. Saa nne asubuhi, uji unapogawiwa, kelele zilipenya ukutani: "Yule wa shati jekundu anamaliza wa kwanza!" "Huyo? Huyo ni mzembe, mwangalie yule binti mwenye vibutu vya nywele." Mchana, watoto walipovuliwa nguo waogeshwe, kelele zilipungua lakini macho hayakupungua. Hilo lilimkaa Modesta kooni kama mwiba wa samaki.

Mwalimu wake wa uraia wa jioni, Mwalimu Jonathan, aliwahi kuwagawia nakala ya kurasa chache za sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi. Modesta alizisoma kwa kufuatisha kidole. Picha ya mtu ni taarifa yake. Anayeikusanya aseme anaikusanya kwa ajili gani, na asiitumie kwa jingine. Taarifa za mtoto ni nyeti, zina ulinzi wa ziada.

"Madam," alimwambia Bernadeta siku moja wakikunja mikeka, "wazazi walikubali kamera ili watoto wawe salama. Hawakukubali watoto wao watazamwe saluni."

"Nani kalalamika?"

"Hawajui. Wakijua watalalamika."

"Basi wasijue." Madam akacheka, akamfinya shavu. "Wewe na shule yako ya jioni, Modesta. Unasoma huko halafu unakuja kunitesa mimi huku. Haya, ile ya chumba cha kulala nitakuwa naizima wakati wa kuoga. Umeridhika, wakili?"

Modesta hakuridhika, lakini alinyamaza. Baadaye alikuja kujihesabia siku zile za kunyamaza moja moja.

*

Luhaga alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka upande wa Misungwi. Alileta ng'ombe mjini, akauza, akaona apunguze nywele kabla ya kurudi. Ilikuwa saa nane mchana, jua limesimama kama askari. Alikaa kwenye kiti cha Nestory, akafungwa kitambaa shingoni, akainua macho kwenye runinga.

Nestory alisimulia baadaye kwamba wembe ulikuwa nyuma ya sikio lake, na yule mtu aliruka ghafla hata ukamkata, damu ikaanza kushuka, na yeye hakuisikia.

"Yule mtoto ni wa nani?"

"Wa hapo nyuma ya ukuta, ngosha. Kituo cha dada yangu. Kaa utulie, umekatika."

Hakukaa. Akatoka hivyo hivyo, kichwa nusu kimenyolewa nusu kimebaki, kitambaa kimefungwa shingoni kama mtoto anayetaka kulishwa, damu inamchora kola. Geti lilikuwa limerudishiwa tu. Akalisukuma.

Modesta alimkuta katikati ya uwanja. Mtu mrefu, fimbo ya kuswagia ng'ombe kwapani, uso mtulivu kuliko damu yake.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nimemwona kijana wangu kwenye runinga. Mwenye alama hapa." Akapitisha kidole kwenye shavu lake mwenyewe, kuanzia chini ya jicho hadi kidevuni, taratibu, kama mtu anayejua njia kwa sababu ndiye aliyeilima. "Ile alama nikiiona Kigoma naijua, nikiiona Nairobi naijua."

 Nyuma ya Modesta, darasani, watoto walikuwa wanaimba nambari. Sauti moja ilikatika katikati ya saba na nane.

"Anayemleta ni nani? Na anamchukua saa ngapi?"

"Baba, sisi habari za mtoto hatumpi mtu ambaye hayumo kwenye fomu. Hata kusema kama yupo au hayupo, hatusemi. Ni sheria. Nenda Ustawi wa Jamii au polisi, uje na barua."

"Fomu," Luhaga alisema, akalionja lile neno. "Mimi nimetoa ng'ombe kumi na wanane. Ukoo mzima ulisimama zizini ukahesabu. Mtoto aliyezaliwa juu ya ng'ombe wangu ni wangu hata akizaliwa mwezini. Sasa wewe unaniambia karatasi."

"Nakuambia sheria, baba."

"Lete mkono."

Hakungoja aletewe. Aliudaka mkono wa kushoto wa Modesta, kwa upole, kama wanaosalimiana, akakitenga kidole cha mwisho na vingine. Kisha akakikunja kurudi nyuma. Modesta alisikia mlio kabla ya maumivu, mlio mdogo, kama wa kijiti cha kuwashia moto. Alipiga magoti. Hakupiga kelele, maana watoto walikuwa wamejaa mlangoni, na Queen alikuwa mbele yao ananyonya kidole gumba.

"Umeona," Luhaga alisema, "kidole kimekubali. Na wewe utakubali."

Akawapungia watoto mkono, akatoka.

Modesta alimkuta Nathaniel chini ya meza, amejikojolea, mikono miwili imefunika shavu. Hakulia.  Modesta aliingia chini ya meza pamoja naye, akamvuta kifuani kwa mkono mzima, wakakaa humo mpaka Madam Bernadeta alipokuja kutoka sokoni.

"Nipe simu yangu niite polisi," Modesta alisema. Simu ilikuwa inachajiwa ofisini.

Madam alikuwa anamfunga kidole kwa kipande cha kanga na kijiko cha mbao. Akasita. "Ngoja kwanza, mwanangu. Tuzungumze. Polisi wakija watauliza yule mtu alimwonaje mtoto. Tutasema nini? Kituo kitafungwa, na watoto thelathini na wanne waende wapi? Yule ni baba. Baba ni baba, amekasirika, ataondoka na ng'ombe zake. Kija akija jioni tunamwambia, anaamua mwenyewe."

Modesta alikuwa na maumivu yanayopanda hadi kwapani, na kichwa chepesi. Akakubali kungoja jioni. Hilo nalo alilihesabu baadaye.

*

Saa tisa na nusu aliingia saluni kumwambia Nestory azime runinga. Saluni ilikuwa na wateja wanne. Sakafuni, nywele za Luhaga zilikuwa bado hazijafagiwa. Na kwenye runinga, uso wa Kija ulikuwa umesimamishwa, mkubwa, mdomo umefunguka kidogo, akiwa getini na mabuti yake meupe na mtoto mgongoni. Kwenye kona ya picha iliandikwa tarehe ya jana, saa kumi na moja na dakika sita.

"Nestory. Hii ni nini?"

"Si yule mzee? Alirudi nimalizie kichwa. Kaniomba aone mwanawe anavyocheza. Nikamrudishia ya jana, aone. Maskini, machozi yalimtoka. Akapiga picha kwa simu yake, akasema akamwonyeshe bibi."

"Alipiga picha ya mtoto?"

Nestory akaangalia runinga, akaangalia kidole kilichofungwa, akaanza kuelewa. "Ya mama," alisema polepole. "Akaniuliza, mabuti haya yanavaliwa wapi. Nikamwambia, kiwanda cha minofu, hapo chini kwenye maji. Wanatoka saa kumi."

 Mteja aliyekuwa kitini akaizima mwenyewe mashine ya kunyolea.

"Kiwandani hawaingii na simu," Modesta alisema. "Umemwonyesha wewe, utamfuata wewe. Kimbia. Umkute Kija getini kabla yake."

Nestory alitoka na aproni yake, sega mfukoni. Wateja wakabaki kumngoja, wakairudisha runinga kwenye picha za sasa; hakuna aliyekumbuka kuizima. Modesta alirudi kituoni, akaichomoa simu yake kwenye chaja bila kumwomba mtu, akapiga polisi, akaeleza yote: kidole, kamera, saluni, kiwanda. Waliopokea simu walimwambia afunge geti, wanakuja. Akafunga kwa kufuli. Akampa Madam ufunguo, maana wazazi walikuwa wanaanza kuja, na yeye mkono mmoja haukufaa kitu.

Akaweka uji wa jioni jikoni. Watoto wa zamu za viwandani huchelewa kuchukuliwa, na njaa haijui msiba.

Saa kumi na moja na robo walikuwa wamebaki watoto sita, na polisi walikuwa bado hawajafika. Modesta alikuwa anatwanga karanga za uji kwa mkono mmoja, mchi umebanwa kwapani, aliposikia Madam anaongea na mtu getini.

"Mama yake kanituma," sauti ilisema. "Kaumia kazini, yuko hospitali. Kanipa kiatu chake muamini."

"Jamani, Kija," Madam alisema, yeye asiyewahi kumwona Luhaga kwa macho, na Modesta akasikia kufuli inafunguka.

Alitoka mbio hadi kizingiti cha jikoni. Luhaga alikuwa ameshaingia. Mkono wa kulia ameshika fimbo yake ya ng'ombe, wa kushoto buti jeupe. Akaligeuza, na kilichokuwa ndani kikamwagika polepole kwenye mchanga, kizito, chekundu. Ncha ya fimbo ilikuwa na nywele zimenata.

Madam Bernadeta alitoa sauti ambayo haikuwa neno. Luhaga akampiga fimbo ya mdomo bila hata kumtazama, kama anayemwondoa ndama njiani. Madam akakaa chini, meno yamemjaa mkononi.

"Natha, Queen, wote, ndani ya stoo," Modesta alisema, kwa sauti ileile ya kuwapeleka kulala. "Mshikane mikono. Ingieni kwenye magodoro, tuone nani atanyamaza zaidi."

Stoo ilikuwa ndani kabisa ya jikoni. Walipita nyuma yake mmoja mmoja. Akausukuma mlango wa stoo kwa kisigino, akasimama hatua chache mbele yake.

Fimbo ya kwanza ilimpata begani. Ya pili ilimpata kwenye kile kidole, na dunia ikawa nyeupe. Alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa mlango wa stoo, na joto la jiko likamlamba kiuno. Sufuria ilikuwa hapo, uji unatokota, mapovu yanapasuka. Akaushika mpini kwa mkono wa kulia.

Luhaga akaiona, akasimama. Akacheka kwa mara ya kwanza.

"Mwaga. Mwenzio nilimmwagia mimi. Mwaga tuone."

Modesta aliinua sufuria. Alimtaka. Aliutaka ule uso uchubuke, utoke ngozi, uchorwe njia ileile kutoka jicho hadi kidevu. Mkono ulishakwenda nyuma kuchukua nguvu. Ndipo akamwona Madam mlangoni, nyuma ya Luhaga, amejikokota kwa magoti, damu inamchuruzika kifuani, anajaribu kumshika mguu. Na akawaza neno moja tu: atainama. Mtu akimwagiwa huinama. Atainama, na uji utampata aliye nyuma.

Akaumwaga chini.

Uji ulitandaa sakafuni kati yao, moto, mnene, wenye karanga. Luhaga alikuwa ameshapiga hatua. Kandambili zake ziliteleza, miguu ikaingia, akalia kama ng'ombe anayechomwa chapa, akaanguka ubavu, kiwiko na shavu ndani ya uji. Fimbo ikaruka. Modesta akaachia sufuria, akaokota mchi.

Pigo la kwanza lilimpata goti, asiinuke. La pili mkono ulioitafuta fimbo, na akasikia tena ule mlio wa kijiti, safari hii mwingi. Hapo ilitosha. Yeye mwenyewe alijua kwamba hapo ilitosha, na akapiga la tatu, mbavuni, na la nne, na la tano, akihema, akisema kwa kila pigo jina la mtoto mmoja aliyekuwa ndani ya stoo, mpaka majina yakaisha na akaanza upya.

Aliinua macho. Kamera ya jikoni ilikuwa juu ya dirisha, taa yake ndogo ya kijani inawaka. Akakumbuka kwamba upande wa pili wa ukuta kuna watu wamekaa kwenye viti.

Walikuwa wanaona. Walikuwa wameona yote, bila sauti, tangu buti getini, na kwa muda ambao Modesta hakuweza kuupima hakuna aliyeinuka, maana macho yakizoea kutazama husahau miguu. Alipoitazama kamera, yule mwanamke wa kwenye runinga alikuwa anawatazama wao. Ndipo viti vikaanguka.

*

Waliingia wanane au kumi, na mtaa nyuma yao. "Mwizi wa watoto!" Mmoja alikuwa na jiwe la kukaa mikono miwili. Walimburuta Luhaga hadi uwanjani kwa mguu ulioungua, ngozi ikabaki kwenye kiganja cha aliyemburuta. Mateke yakaanza. Kijana mmoja akauliza petroli iko wapi, kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza chumvi.

Mlango wa stoo ulikuwa umefunguka. Nathaniel alikuwa amesimama kizingitini, ameshika mkono wa Queen, anatazama.

Modesta alipita katikati ya miguu ya watu akasimama juu ya Luhaga, mchi mkononi, uji na damu mpaka viwikoni. Hakumhurumia. Angeulizwa siku ile angesema afe. Lakini mtoto alikuwa ameshaona uji, ameshaona buti la mama yake, na macho ya miaka minne yana kikomo cha kubeba.

"Si mbele ya mtoto wake," alisema. "Atakayempiga sasa aanze na mimi. Polisi wako njiani."

"Anti, toka hapo."

"Nimesema aanze na mimi."

Yule wa jiwe alimwangalia, akauangalia mchi, akaliweka jiwe chini. Wakamfunga Luhaga kwa waya wa kuanikia nguo.

Kijana mwingine alikuwa ameinua simu. Alikuwa anatabasamu, amesisimka. "Anti Mode, wewe ni simba. Nimerekodi yote kwenye runinga, tangu anaingia. Hii ikienda kwenye magrupu, Tanzania nzima itakujua leo leo."

"Umeshaituma?"

"Bado, natafuta kichwa cha habari."

"Futa."

"Lakini wewe ndiye staa humo."

"Humo kuna uso wa Nathaniel. Kuna geti, kuna jina la kituo ukutani. Huyu ana kaka zake huko kwao ambao nao walisimama zizini kuhesabu ng'ombe. Unataka uwape ramani? Runinga hii imeshamleta mmoja. Futa nikiona."

Kijana alisita, tabasamu likiwa halijui liende wapi. Modesta hakuinua mchi. Aliuhamisha tu bega. Kijana akafuta, na kwenye lile pipa la vilivyofutwa akafuta tena, akamgeuzia kioo aone.

Kisha Modesta akatoka getini, akaingia saluni iliyokuwa tupu. Kwenye runinga, uwanja ulijaa watu wadogo wasio na sauti. Alikitoa kwanza kisanduku cha kurekodia kwenye rafu ya chini, akachomoa nyaya zake, akakiweka mlangoni juu ya kiti. Halafu akaikabili runinga. Ilichukua mapigo manne. La kwanza lilipasua kioo, la pili lilitoboa, la tatu liliing'oa ukutani, la nne lilikuwa la kwake mwenyewe.

Polisi walipofika walimkuta amekaa kwenye ngazi, kisanduku mapajani, Queen ameegemea begani pasipouma.

"Tupe tuone, dada," askari wa kike alisema.

"Humu ndani kuna yeye akiwapiga watu, na kuna mimi nikimpiga zaidi ya ilivyohitajika. Nakupa yote. Lakini kuna watoto sita. Naomba uandike kwamba umepokea, usaini, na uandike nani ataangalia."

 Askari akatoa kalamu.

*

Nestory ndiye aliyemkuta Kija, nyuma ya ukuta wa kiwanda, kwenye magugu ya ufukweni, mguu mmoja hauna buti. Zamu siku ile ilikuwa imetoka mapema, na yeye alichelewa kwa dakika labda kumi. Alimbeba mgongoni mpaka barabarani, na wanaomjua wanasema tangu siku ile hanyoi akiwa anaongea. Mkono wa kulia wa Kija ulivunjika mara mbili, ule ulioinuka kukinga kichwa. Safari hii, alisema alipoweza kusema, hakuinama.

Luhaga yuko rumande, kesi inaendelea. Modesta alihojiwa juu ya yale mapigo ya mwisho, akayakubali moja moja; wakamwambia arudi nyumbani, ataitwa kama shahidi. Kituo kilifungwa wiki sita. Maofisa walipokagua walikuta mengi ya kuandika, na Madam Bernadeta, mdomo umeshonwa, aliyasaini yote bila ubishi. Kilipofunguliwa tena, kamera ya chumba cha kulala ilikuwa imeng'olewa. Zilizobaki zilionyesha kwenye kioo kidogo ndani ya kabati la ofisini, lenye ufunguo, na daftari la kuandika nani kafungua na kwa nini. Fomu mpya Modesta aliiandika mwenyewe; Mwalimu Jonathan aliipitia, akamwekea alama ya vema pembeni kama mtihani.

Asubuhi ya kwanza Kija alikuja na mkono kwenye plasta, mapengo matatu, Nathaniel ameshika kidole chake.

"Hapa," Modesta alisema. "Nani anaruhusiwa kuona picha za mtoto. Ukisema hakuna, hakuna. Ukisema asipigwe kabisa, tunamkalisha upande ambao kamera haifiki."

Kija alisoma muda mrefu, midomo inacheza. "Mimi," alisema. "Na wewe. Piga mistari."

"Miwili?"

"Hata mitatu, Mama Queen."

Akasaini kwa mkono wa kushoto, herufi zimelala kama majani baada ya mvua. Madam alileta uji, kikombe kwa mgeni na kikombe kwa mtoto. Modesta alinyoosha mkono, ule wenye kidole kilichopona kimepinda, aonje kama kawaida.

Nathaniel hakumpa. Alikishika kikombe cha mama yake kwa mikono miwili, akakiinua hadi mdomoni, akafumba macho. Akaonja. Alingoja kidogo, uji ukiwa ulimini. Kisha akaonja tena.

"Umepoa, mama," alisema, akampa.